Maji ya Moto Kwenye Theluji

Nikutegee kimoja, nawe usikimbilie kujibu. Amekuja bila kupiga hodi, amelala juu ya magari ya watu wote, hana uzito wa kuvunja yai, na mji mzima umeshindwa kumwondoa. Nani huyo?

Ukisema theluji, umepata, nami sidai mji. Tena mji wenyewe siku ile usingenifaa kitu. Ulikuwa mji wa Cork, kusini mwa Ireland, na hakukuwa na gari lililoweza kupanda vilima vyake.

Watu wa Cork mvua wanaijua. Wanaijua ya kulala, ya kusimama, na ile inayokuja kutoka ubavuni ikakuingia sikioni. Theluji ni mgeni kwao. Huja mara moja baada ya miaka mingi, hukaa asubuhi moja, watoto huifinyanga, kisha huondoka. Safari hii ilikuja mwezi Machi, maua ya manjano yakiwa yameshachanua bustanini, na haikuondoka. Redio ikasema watu wakae majumbani. Mkate ukaisha madukani siku hiyo hiyo, utadhani theluji hula mkate.

Mossie Dineen alikuwa jikoni kwake, anaangalia teksi yake dirishani. Ilikuwa gari refu la Kijerumani, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, zuri kwa maharusi na kwa safari za uwanja wa ndege. Kwa theluji, afadhali kitanda chenye matairi. Mossie angekaa nyumbani kama redio ilivyosema, angechoma mkate wake wa mwisho, angelala. Lakini kulikuwa na Goretti.

Goretti Kiely figo zake zilikuwa zimeacha kazi. Mara tatu kwa wiki Mossie alimchukua mlangoni kwake, akamvusha mto hadi hospitali kubwa, ambako alifungwa kwenye mashine inayosafisha damu, jioni akamrudisha. Siku iliyotangulia ilikuwa zamu yake, na theluji ilikuwa inaanguka hata mtu haoni nyumba ya jirani. Hawakwenda. Asubuhi hii hospitali ikapiga simu: mashine zinafanya kazi, anayeweza kufika afike leo leo, magari ya wagonjwa yamezidiwa. Goretti naye akampigia Mossie.

"Miguu imeshajaa," alisema. "Viatu havinienei. Nimevaa vya marehemu."

Marehemu ni Dinny, mume wake.

"Na kifua je?"

"Kifua nacho kinataka kujaa. Nikilala, kama mtu amenikalia."

Mossie alikuwa amewabeba wagonjwa wa mashine muda wa kutosha kujua maana ya maneno hayo. Maji yasipotoka, hupanda. Yakifika mapafuni, mtu huzama akiwa chumbani kwake pakavu. "Nakuja," akasema, akatafuta funguo.

Kulikuwa na jambo lingine, ambalo Mossie alilibeba tangu Jumatatu kama mtu aliyebeba trei ya vikombe. Madaktari walikuwa wamemwambia Goretti kwamba anaweza kupewa mashine ya nyumbani, aachane na safari. Ila sharti awe na mtu wa kukaa naye, atakayefundishwa kuiendesha. Mwanawe yuko Australia. Jumatatu jioni, gari limesimama mlangoni na injini inanguruma, Mossie, ambaye ni mgane mwenye miaka zaidi ya sitini, alisema bila kumtazama, "Huyo mtu wa mashine. Naweza kuwa mimi?"

Goretti alikuwa ameshafungua mkanda wa kiti. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Kwaheri, Mossie," alisema, akashuka.

Tangu hapo neno hilo halikutajwa.

Basi Mossie akatoka. Nyumba ya Goretti ipo juu ya mlima, upande wa kaskazini wa mji, kwenye barabara nyembamba iliyosimama wima hata walevi huiogopa. Hakuna njia nyingine. Mossie aliingiza gia ya kwanza, akakanyaga mafuta kama anavyokanyaga siku zote, na gari likapanda hadi katikati, mbele ya geti la Concepta Horgan. Hapo magurudumu yakaanza kuzunguka bure. Alivyozidi kukanyaga, ndivyo yalivyozidi kulia.

Dirisha la juu likafunguka. Concepta alikuwa mjane mwenye ulimi, na hakuna kilichopita barabarani kwake bila kulipa ushuru wa maneno.

"Mossie! Unapika nini hapo chini, mbona kunanuka mpira?"

"Concepta, mama, niletee birika!"

"La chai?"

"La maji ya moto! Niyayushe hii takataka chini ya matairi."

Ikumbukwe kwamba wazo hili lilikuwa la Mossie. Baadaye kila mtu alisema lilikuwa la mwenzake. Lakini ukweli ni kwamba, mtu wa Cork akipata baraka huweka birika jikoni, akipata msiba huweka birika jikoni, na hakuna mtu barabarani pale aliyeona ajabu kwamba theluji nayo itibiwe kwa birika.

Concepta akatoka na lake, amevaa gauni la nyumbani na mabuti ya bustani. Batt Coveney wa nyumba ya pili, fundi seremala aliyestaafu, akatoka na lake. Milango ikafunguka juu na chini. Watu walikuwa wamefungiwa ndani tangu jana bila mkate na bila kisa, na sasa kisa kimesimama barabarani.

"Usigeuze usukani hivyo," alisema Batt. "Ndugu yangu alikaa Boston. Huko wanageuza hivi."

"Wangu pia alikaa Boston," alijibu Concepta. "Huko hawageuzi, wanakaa nyumbani."

Kila nyumba Cork ina ndugu aliyepata kukaa Boston, na siku ile kila ndugu alikuwa bingwa wa theluji. Maji yakamwagwa chini ya matairi, na mbele ya matairi, na juu kabisa hadi mlangoni kwa Goretti, ili njia isafishwe yote kwa mkupuo. Mvuke ukapanda. Lami nyeusi ikatokeza, safi, ikimetameta. Watu wakapiga makofi. Wengine wakarudi ndani kujaza tena.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Wahenga hawakuwahi kuona mabirika ya mtaa mzima kwenye mteremko mmoja.

Mossie akaingia garini, akafunga mkanda, akasugua mikono, akasikiliza ushauri wa Batt dirishani, akamshukuru. Katika muda huo tu maji yakaganda. Ile lami iliyokuwa ikimetameta kwa unyevu sasa ilimetameta kwa barafu, laini kama sahani iliyooshwa. Mossie aliachia klachi. Gari likafikiri kidogo, kisha likaanza kurudi nyuma.

Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Magurudumu yakasimama kabisa, na gari likaendelea kushuka. Lilishuka kinyumenyume, taratibu, kwa heshima, kama bibi arusi anayerudishwa kwao. Hakukuwa na kelele. Mossie aliona nyuso za majirani zikipita moja moja, kila jirani na birika lake. Chini kwenye kona, tako la gari likagusa nguzo ya taa, taa moja ya nyuma ikapasuka, na safari ikaishia hapo.

Concepta alichungulia ndani ya birika lake. Lilikuwa tupu.

"Nichemshe lingine?" aliuliza Concepta.

Juu kabisa, mlangoni, Goretti alikuwa amesimama na koti lake la kijani na mkoba wa hospitali. Alikuwa ameona yote.

"Mossie! U mzima?"

"Mzima!"

"Basi tulia hapo. Nakuja mimi."

Akavuta mlango nyuma yake, akaweka mguu kwenye ile lami iliyotengenezewa yeye. Kiatu cha marehemu kikateleza, akashika ukuta wa bustani. Akajaribu tena, kandokando ya ukuta, hatua mbili, tatu. Kisha akakaa juu ya ukuta, palepale penye theluji. Hakuwa ameteleza mara hii. Alikuwa anatafuta pumzi. Kutoka chini Mossie aliona mabega yake yakipanda na kushuka, kama ya mtu aliyetoka kukimbia, na mtu huyo alikuwa ametoka tu mlangoni mwake.

Hapo mzaha ukaisha. Mossie alianza kupanda kwa miguu na akaanguka. Akaanza kupanda kwa mikono na magoti.

"Simama, bwana wee, utavunjika na wewe!" Batt alimwambia. "Concepta, lile zulia lako la ngazini lina urefu gani?"

"Lina urefu wa ngazi yangu. Kwa nini?"

Batt alikuwa ameshaingia nyumbani kwa Concepta na patasi. Ikasikika sauti ya misumari inayong'oka, na sauti ya Concepta ikieleza zulia hilo liliwekwa na nani na kwa gharama ya nani. Likatoka, jekundu, limeliwa katikati na nyayo za familia nzima. Batt alilitandika mgongo juu, manyoya yakaishika barafu, ule upande mgumu wa kamba ukawa wa kukanyagia. Halikufika hata nusu ya njia. Vikaja vingine: busati la mlangoni, zulia la bafuni la waridi, mkeka wa mbwa wenye manyoya ya mbwa, pazia moja zito ambalo mwenyewe alisema hakulipenda kamwe. Vikaungana hadi miguuni kwa Goretti.

Akashuka. Batt alitembea nyuma yake na kiti cha jikoni, akimwekea kila pumzi ilipomwisha, na ilimwisha mara nyingi.

"Hata malkia hakutandikiwa hivi," alisema Concepta, akimshika kiwiko.

"Malkia hatembei na mkeka wa mbwa."

"Huo ni wa kwa kina Coveney. Ukianza kujikuna, ujue nani wa kumlaumu."

Alipokaa kitini mbele ya geti la Concepta, Goretti alichota theluji kwa ncha ya kidole kutoka ukutani, akaiweka ulimini. Maji yake ya siku nzima yalipimwa kwa kikombe. Kiu ndiyo iliyomtesa kuliko ugonjwa.

"Hiyo nayo inahesabiwa," alisema Mossie, aliyekuwa ameshafika hapo, magoti yote yamelowa.

"Hesabu, basi," alijibu Goretti.

Majirani wakainua tako la gari, wakalitoa kwenye nguzo, wakaligeuza liangalie mjini. Batt akaweka magunia mawili ya makaa ya mawe kwenye buti ili magurudumu ya nyuma yawe na uzito, na juu yake busati la mlangoni na lile zulia la bafuni.

"Gia ya pili, usiipandishe usiishushe," alimwambia Mossie. "Na breki uisahau. Jifanye hukuinunua."

"Ndugu yako wa Boston ndiye aliyesema?"

"Hapana. Hili nimelifikiri mwenyewe, nikikuangalia unavyoshuka."

Goretti alipokwisha kuingia garini, Concepta alikuja mwisho na chupa yake ya plastiki yenye umbo la Bikira Maria, akanyunyiza maji ya baraka kwenye kioo cha mbele. Yaliganda pale pale, tone kwa tone.

"Concepta, jamani," alisema Goretti. "Maji tena?"

Mji ulikuwa mweupe na mtupu. Magari yalikuwa yameachwa popote yalipochoka, moja limekaa katikati ya mzunguko wa barabara kama sanamu. Mossie alikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Mikono yake ilishika usukani hata vifundo vikawa vyeupe, na alisikiliza vitu viwili tu: matairi, na pumzi za Goretti kwenye kiti cha pembeni. Matairi yalikuwa afadhali.

Kabla ya daraja kuna taa. Ilikuwa nyekundu. Mossie alikuwa amesimama kwenye taa hiyo maisha yake yote, naye akasimama.

Goretti alitazama kulia. Akatazama kushoto. Hapakuwa na hata njiwa.

"Unamngoja nani?"

"Taa."

"Taa haina macho, Mossie."

"Mimi ninayo."

Ikawa ya kijani. Mossie akaachia klachi, magurudumu yakazunguka, gari likabaki. Ikawa nyekundu tena. Kijani. Nyekundu. Batt alikuwa amesahau kumwambia asisimame.

Mossie alizima injini, kisha akaiwasha tena kwa sababu ya baridi. Ni Goretti aliyeanza kusema, akiangalia mbele, akikata maneno kwa pumzi.

"Mashine ile ni kubwa kama friji."

"Nimeiona."

"Inapiga kengele usiku. Kengele ya kuamsha maiti."

"Silali sana."

"Watu watasema."

"Concepta ameshasema. Tangu Krismasi."

Goretti aliangalia taa ikigeuka mara mbili. "Nilimuuguza Dinny miaka sita," alisema. "Nilimpenda, Mungu anajua. Lakini kulikuwa na saa ya jioni, nikimpelekea chai, anaisikiliza hatua yangu ngazini, namchukia. Kila siku saa ya chai. Kisha yanapita. Sasa mimi sitaki kulala pale juu nikisikiliza hatua za mtu anayenichukia saa ya chai."

Mossie alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, maana swali lilistahili.

"Mimi nakunywa kahawa," alisema.

Goretti alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kukoma. Akainama mbele, mkono kwenye dashibodi, na midomo yake ilikuwa na rangi ambayo Mossie hakuipenda. Aliruka nje, akafungua buti, akachukua busati na zulia la bafuni, akapiga magoti barabarani akavisukuma chini ya magurudumu ya nyuma. Aliporudi, taa ilikuwa nyekundu. Akaondoka. Lilikuwa kosa lake la kwanza la taa katika miaka yote ya teksi, na nyuma yao, katikati ya njia panda, lilibaki zulia la waridi.

Darajani walikutana na trekta la mkulima aliyekuja kusaidia mjini. Mkulima aliinua kidole kimoja juu ya usukani, kama mkulima yeyote anavyomsalimu yeyote. Na Mossie, bila kufikiri, akainua mkono wake wote. Gari likaelekea ukuta wa mto.

"Mikono!" alipaza sauti Goretti kwa pumzi iliyobaki. "Leo hatusalimii mtu!"

Akaurudisha usukani taratibu, breki akaisahau kama alivyoambiwa, na gari likarudi katikati kwa hiari yake. Baada ya hapo alikutana na askari wawili na padri anayesukuma baiskeli, na hakumsalimu yeyote. Padri, inasemekana, alikumbuka.

Mlima wa kupandia hospitalini ulikuwa umemwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Mossie alisimama mlangoni kabisa, mahali ambapo siku nyingine wangempigia kelele. Akaleta kiti cha magurudumu, akamsukuma Goretti ndani, kwenye korido, hadi mlango wa chumba cha mashine. Njia nzima Goretti alikuwa anafanya kazi ya kuvuta pumzi, na kazi hiyo ilitaka mtu mzima.

Mlangoni alisimama nesi ambaye hawakumjua. Jina lake Sheeba, ametoka Kerala, India, na alikuwa ameletwa kutoka wodi nyingine kwa kuwa wenye chumba wengi hawakuweza kufika. Alikuwa amelala hospitalini tangu theluji ianze, na gauni lake lilionyesha. Alimtazama Goretti mara moja tu, akamwita mwenzake alete oksijeni, akashika kiti.

"Vizuri mmefika," alisema. "Saa chache zaidi, tungekuwa na mazungumzo mengine." Kisha akamgeukia Mossie. "Samahani, mzee. Watu ni wachache leo, haruhusiwi kuingia ila mgonjwa na mtu wa nyumbani kwake. Wewe ni nani wake?"

"Mimi dereva, dada."

"Dereva angoje chini."

Mossie aliitikia kwa kichwa. Akauweka mkoba mapajani kwa Goretti, akamkunjia koti lisishike gurudumu. Magoti ya suruali yake yalikuwa bado yanadondosha maji sakafuni. Akageuka.

Goretti akaishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, kiti kikasimama. Kwa mkono mwingine alisogeza pembeni ile barakoa ya oksijeni waliyokuwa wanamvisha.

"Sista," alisema. "Aliniuliza jambo Jumatatu, sikumjibu." Akavuta pumzi. "Huyo ndiye mtu wangu wa mashine. Mwonyeshe pa kunawa mikono."